Duka linauza tishu, lakini choo ‘ni cha wafanyakazi tu’

Kila mtu anayeijua Nairobi vizuri ana ramani ya vyoo kichwani. Haijachorwa popote lakini ipo. Unajua ni mkahawa gani wa chipsi ambapo soja wa mlangoni hakuulizi risiti. Unajua kituo cha petroli ambacho choo chake huwa na maji asubuhi pekee. Unajua jumba lipi la maduka lina vyoo orofa ya chini na lipi litakupandisha ngazi hadi ya tatu ukiwa umebana miguu. Na kama wewe ni msichana, ramani yako ina maelezo zaidi: wapi mlango unafungika, wapi kuna pipa la sodo, wapi huwezi kuingia peke yako giza likianza kutanda.

Sasa iangalie hiyo ramani tena. Maduka karibu hayamo kabisa. Mahali tunapoacha pesa zetu tauni, kuanzia supamaketi hadi vile vijiduka vya viatu na simu vilivyobanana kama mayai kwenye trei, ndipo mahali ambapo ukiuliza choo unaonyeshwa mlango wa kutokea. “Enda hapo ng’ambo, ni mbao tu.” Ukisisitiza unaambiwa choo ni cha wafanyakazi.

Kinachochekesha ni kwamba duka hilohilo lina rafu nzima ya vitu vya choo. Tishu za kila rangi, sabuni ya maji yenye harufu ya limau, brashi, dawa ya kuua viini, sodo za kila aina. Umesimama katikati ya kila kifaa cha usafi alichowahi kubuni binadamu, umebanwa, na unaambiwa hakuna pa kwenda. Halafu ukibahatika kuruhusiwa kwenye hicho choo cha wafanyakazi, unakuta hakina tishu wala sabuni. Manze, bidhaa ziko hatua ishirini tu kutoka hapo!

Tuanze na mwenye duka, maana yeye husikia haraka ukimzungumzia pesa. Mteja aliyebanwa hanunui. Anachukua mkate na maziwa aliyotumwa, anaangalia urefu wa foleni, anatoka. Zile raundi za kuzunguka bila mpango, ambapo mtu huingia kutafuta sukari akatoka na kikaangio, seti ya glasi na soksi za ofa, huhitaji mtu aliyetulia mwilini. Mama aliyekuja na mtoto wa miaka mitatu ndiye hana mjadala kabisa. Mtoto akisema “mum, susu”, troli inaachwa palepale kati ya unga na mafuta ya kupikia, na mara nyingi hairudiwi. Mjamzito, mzee aliyetoka shags kuja kununua mabati, mtu wa kisukari, hawa wote hupanga safari zao za dukani kwa kufuata choo. Duka lisilo na choo limewafungia mlango bila kuweka bango.

Na siku hizi mteja ana pa kwenda. Tangu Nakumatt na baadaye Tuskys zianguke, supamaketi zilizobaki zinagombania watu walewale kwa bidhaa zilezile. Unga ni uleule, maziwa ni yaleyale, na tofauti ya bei mara nyingi ni shilingi mbili tatu. Kinachobaki kumfanya mtu avuke barabara ni jinsi anavyotunzwa akiwa ndani.

Kwamba choo safi chaweza kuvuta wateja si ndoto ya mtu wa kuandika magazetini. Hapa hapa tauni tulishaliona likifanyika. Waliokuwa Nairobi miaka ya tisini watakuambia vyoo vya baraza la jiji vilikuwa mahali pa kupita mbio ukiwa umeziba pua, na si pua pekee, mfuko pia uliushika. Miaka kadhaa baadaye akaja David Kuria na kampuni yake ya Ecotact, akajenga vyoo alivyoviita Ikotoilet, kikiwemo kile cha Aga Khan Walk. Ulilipa shilingi tano. Ujanja wake, na ndio unaotuhusu hapa, ni kwamba hakuishia kwenye choo. Alitoa nafasi kwa wapiga rangi viatu na wauzaji wa soda na vitafunio paleple kando. Yaani mtu alinunua soda mlangoni pa choo! Hilo haliwezekani kama choo kinanuka. Kuria alichukua choo akakifanya duka. Wenye maduka wetu wana maduka tayari na wameshindwa na choo.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi huiona nzito kuliko hiyo ya mauzo. Supamaketi za leo haziuzi sukari na sabuni tu. Zina tanuri la mikate, zina kaunta ya chipsi na kuku, zina bucha, zina matunda yaliyokatwa na kufungwa kwa plastiki. Huwezi kuingia jikoni kwao ukakagua. Ila choo ukikiona, umeona kitu. Kama sinki halina sabuni na mfereji umekauka, jiulize yule aliyekukatia tikitimaji alinawia wapi mikono alipotoka haja saa nne asubuhi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara kwa kawaida husafiri kwa njia hiyo moja: kutoka kinyesini hadi mkononi au majini, kisha mdomoni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi nchini, Nairobi ikiwemo. Kwa hivyo ukiona choo kichafu cha duka linalouza chakula kilichopikwa, usione haya kurudisha ile samosa kaunta.

Lakini mteja ana nafuu. Ataondoka. Anayeumia kikweli ni yule asiyeweza kuondoka, na huenda ndiye wewe, unasoma haya ukiwa umeegemea kaunta ya duka la vipodozi ukingoja mteja wa kwanza.

Chukua maduka ya eksibisheni. Jengo lilijengwa zamani likiwa na duka moja kubwa chini na ofisi chache juu. Mwenye jengo akaja akapiga hesabu, akaweka mbao na vioo, duka moja likawa vijiduka thelathini, kila kimoja na kodi yake. Vyoo havikuongezwa. Ni kile kile cha orofa ya pili, kimefungwa kufuli, ufunguo uko kwa keateka, na keateka anataka shilingi kumi. Kwingine ni mbao. Wauzaji, wengi wao wasichana wa kati ya miaka ishirini na thelathini, hufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja au mbili usiku.

Fanya hesabu nami. Ukienda mara tatu kwa siku kwa shilingi kumi, siku 26 za kazi, ni shilingi 780 kwa mwezi. Kwa mbao ni shilingi 1,560. Pesa hiyo inatoka kwenye mshahara wa mtu kwa sababu tu ana kibofu. Kuna wanaolipa kwa M-Pesa, na tumeshafika mahali ambapo mtu anaweza kuchukua Fuliza aende choo. Cheka, lakini deni ni deni.

Na pesa ni nusu ya tatizo. Dukani uko peke yako. Kutoka, lazima umwombe jirani, “niangalilie hapa dakika mbili”, halafu uombe Mungu foleni ya choo isiwe ndefu. Bosi naye yuko nyumbani anatazama kamera kwenye simu. Ukikaa dakika nane anapiga: “Uko wapi? Naona mteja amesimama.” Utamwambiaje?

Ndiyo maana wengi wamejitafutia suluhu yao: hawanywi maji. Chai asubuhi nyumbani, kisha basi hadi jioni. Wengine hubana kwa saa nyingi hadi mwili unazoea. Waulize wahudumu wa afya. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha na anayebana mkojo kila siku anavipa viini nafasi ya kuzaana, kwa sababu mkojo ndio huvisukuma nje. Kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, viini hufika kibofuni haraka. Kinachoanza kama kuwashwa na kukojoa kidogo kidogo kwa maumivu, kikipuuzwa, hupanda hadi kwenye figo. Msichana ananunua dawa bila kupimwa, anapata nafuu, anarudi kwenye kiti kilekile cha plastiki, hanywi maji, mwezi unaofuata anarudi duka la dawa. Tunauita ugonjwa wake. Kusema kweli ni ugonjwa wa jengo.

Ongeza siku za hedhi. Kenya iliondoa ushuru wa sodo mwaka 2004, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bure. Tulipiga makofi, na ilifaa. Msichana huyohuyo akimaliza kidato cha nne akapata kazi dukani, sodo atajinunulia, hilo si shida. Swali ni atabadilishia wapi. Kwenye choo kisicho na komeo, kisicho na pipa, kisicho na maji, chenye kijana wa nje anayegonga mlango akisema “harakisha, watu wako laini”? Wapo wanaokaa na sodo moja tangu asubuhi hadi wafike kejani, na hawatasema, kwa sababu si jambo unalomwambia bosi wa kiume aliye upande wa pili wa kamera.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vyoo vya kutosha kwa wafanyakazi wake, visafishwe, viwe na mwanga, na vya wanaume vitengwe na vya wanawake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira unamoishi. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali. Nenda kakague choo chenye mlango mpana na alama ya kiti cha magurudumu katika majumba mengi ya maduka. Utakuta kimefungwa. Ndani kuna ndoo, mopu, na maboksi ya mapambo ya Krismasi.

Tuwape wenye maduka haki yao pia, maana hawazushi yote. Maji ni ghali na ya mgao. Jengo lisilo na tangi kubwa au kisima linanunua maji kwa lori, na kila anayevuta maji ya choo anavuta pesa. Kuna wezi wanaotumia choo kung’oa vibandiko vya usalama kwenye nguo. Kuna wanaoiba balbu, wanaobeba tishu nzima mkobani, wanaofua soksi kwenye sinki. Mwenye duka aliyejaribu akaumizwa hivyo mara tatu ana haki ya kununa.

Ila kununa si mpango. Choo cha kuchuchumaa hutumia vifaa vichache, ni rahisi kupiga deki, na wala hakuna anayekipanda na viatu. Tishu inaweza kuwekwa kwenye boksi kubwa la ukutani linalofungwa kwa ufunguo. Maji ya kunawia yanaweza kutumika tena kuvutia choo. Nguo zinaweza kuachwa kwa mhudumu kabla ya kuingia, jinsi tunavyoacha mikoba mlangoni bila kulalamika. Na kama lazima watoze, basi mwenye risiti ya siku hiyo asitozwe tena. Ameshalipa.

Nawe msomaji usijifiche nyuma ya mwenye duka. Zile nyayo za viatu juu ya kiti cha choo hakuziweka meneja. Unajua inavyokwenda: wa kwanza anakuta tone moja, anaogopa kukaa, anachuchumaa juu, anamwaga. Wa pili anakuta matone kumi, anapanda na raba. Wa tatu anapiga picha na kuandika mtandaoni kwamba Wakenya ni wachafu. Sodo nazo zikitupwa chooni hufura na kuziba bomba, na fundi anayekuja kuzibua hulipwa kwa pesa ambazo zingenunua sabuni ya mwezi mzima. Kama hakuna pipa, ifunge kwenye karatasi utoke nayo, halafu uulize kwa sauti kwa nini hakuna pipa.

Hapa nitaje jambo dogo linaloniudhi kuliko ukubwa wake. Kulabu. Kile kijidude cha kutundikia mkoba nyuma ya mlango, ambacho bei yake haifikii ya sahani ya chipsi. Bila hicho unabana mkoba kwa meno, simu kwa kidevu, na mlango kwa mguu mmoja kwa sababu komeo pia limeng’oka. Mtu aliyejenga choo bila kulabu hajawahi kukitumia akiwa na kitu mkononi. Ukitaka kupima kama choo ni kizuri, usitazame marumaru wala kioo chenye taa. Tazama kama sakafu ni kavu, mlango unafungika, maji yanatoka, sabuni ipo, pipa lina kifuniko, na kuna mahali pa mkoba. Basi. Mengine ni madoido.

Tena tazama ile karatasi ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani, yenye saa na sahihi. Ukiingia saa sita mchana ukakuta imetiwa sahihi hadi saa kumi na moja jioni, umeelewa yote kuhusu usimamizi wa hapo. Na usimlaumu haraka aliyetia sahihi. Mara nyingi ni mmoja, amepewa orofa mbili, ndoo moja na glavu zilizotoboka, ameajiriwa na kampuni ya usafi ambayo duka linaibadilisha kila kandarasi ikiisha. Choo cha duka lenye watu wengi hakiwezi kuoshwa asubuhi na jioni tu. Jumamosi kinahitaji mtu kila nusu saa. Hiyo ni ajira, na kuna vijana wanaoitafuta. Msalimie ukimkuta. Watu humpita kana kwamba ni sehemu ya ukuta.

Kwingine wamepata njia ambazo serikali ya kaunti yetu inaweza kuiga kesho. Ujerumani, katika mji wa Aalen, mwaka 2000 walianzisha mpango ambapo mikahawa na maduka hufungua vyoo vyao kwa yeyote, awe amenunua au la. Wanaweka kibandiko mlangoni ili mpita njia ajue, na mji unawalipa kiasi cha kusaidia usafi. Mji unaokoa gharama ya kujenga na kulinda vyoo vipya, mwenye biashara anapata watu mlangoni. Miji mingi ikafuata. Hebu fikiria kaunti ipunguze ada ya leseni ya biashara kwa duka linaloweka kibandiko kama hicho, na afisa wa afya ya umma apite bila taarifa kukagua. Kibandiko kikitolewa, kila mtu aone kimetolewa. Tunalipa ada hizo kila mwaka na tunaambiwa jiji halina vyoo vya kutosha. Vyoo vipo, vimefungwa kufuli.

Na huko Marekani, msichana wa miaka 14 aitwaye Ally Bain, mwenye ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn, alinyimwa choo cha wafanyakazi katika duka moja akiwa na mama yake. Ilimpata aibu palepale mbele ya watu. Hakuishia kulia. Alimwendea mbunge wa jimbo lao, akatoa ushahidi, na mwaka 2005 jimbo la Illinois likapitisha sheria inayolitaka duka lenye choo cha wafanyakazi kumruhusu mteja mwenye hali kama yake. Majimbo mengine yalifuata na sheria hiyo ikabaki na jina lake. Alikuwa na umri wa mtu wa kidato cha kwanza.

Wewe una nafasi yako pia, na si lazima iwe ya bungeni. Ukiacha maoni mtandaoni kuhusu duka, taja choo. Watu hutaja bei, maegesho na urembo wa keshia, choo hawakitaji. Ukinyimwa, omba kuzungumza na meneja, kwa adabu, na mwambie unachoacha kwenye troli kina thamani gani. Kama ni choo cha mahali unapofanya kazi na kimezidi, ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo hupokea malalamiko, na mkiandika barua mkiwa wauzaji kumi wa jengo moja, itakuwa vigumu kujua nani wa kufutwa.

Desemba inapokaribia, maduka huanza kuita vijana wa vibarua vya msimu. Ukiitwa usaili, watakuuliza kama unaweza kusimama saa kumi na kama una uzoefu wa kuhudumia wateja. Mwishoni watasema, “una swali lolote?” Wengi wetu hutikisa kichwa. Safari hii waulize choo cha wafanyakazi kiko wapi, kama kina maji, na kama ni cha kulipia, nani analipa.